Kusafiri kwa Baiskeli na Mtoto Mdogo: Siku Nne Kutoka Tengeru Hadi Moshi

Safari yangu ya kwanza ya baiskeli na binti yangu iliishia Boma Ng'ombe. Alikuwa na miaka mitatu na nusu, nimemfunga vizuri kwenye kiti cha nyuma, na mpango ulikuwa kutoka Moshi hadi Arusha, kilomita 80 hivi, kwa siku mbili. Alianza kulia tulipokuwa tunakokota baiskeli kupanda kutoka bonde la Kikafu, akanyamaza Boma nilipomnunulia ndizi, akaanza tena alipoona namrudisha kitini. Tulipakia baiskeli kwenye Coaster tukarudi nyumbani. Kondakta alimwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akasema, "Mama, ungempa hata kengele apige."

Alisema kweli. Nilikuwa nimekagua breki, cheni, tairi na viraka, sikujiuliza mtoto atakuwa anafanya nini huko nyuma saa nzima akiangalia mgongo wangu uliolowa jasho. Mtoto hachoki kwa kilomita, maana hanyongi pedali yeye. Anachoka kwa kukaa. Tangu siku hiyo mipango yangu yote inaanzia kwenye kukaa kwake, kilomita zinakuja baadaye. Tumeshafanya safari nne, na ya mwisho hakutaka kushuka.

Umri na kiti

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimpandishe. Shingo yake haijakomaa kubeba uzito wa helmeti huku akitikiswa na barabara. Watengenezaji wengi wa viti vya nyuma wanataja uzito wa kilo 9 hadi 22, na vile vya mbele, vinavyokaa karibu na usukani, mwisho wake huwa kilo 15. Kwa safari ya siku kadhaa, mimi nasema subiri miaka mitatu. Wa miwili anaweza kupanda, lakini hawezi kukueleza kwamba mkanda unambana, atalia tu na wewe utabaki kubahatisha.

Mbeleko hapana. Najua mama zetu walipanda keria za Phoenix na mtoto mgongoni na tumekua salama, lakini ukianguka na mbeleko, mtoto anaangukia lami kwanza na wewe juu yake.

Kiti kizuri si lazima kiwe kipya. Baiskeli za mtumba za Kijapani mara nyingi huja na kiti cha mtoto nyuma, kizito lakini imara. Kabla ya kulipa, bonyeza plastiki kwa vidole pembezoni: ikitoa mlio au ukiona nyufa nyembamba nyeupe, jua limeshaila, achana nacho. Vuta mikanda kwa nguvu zako zote. Angalia kama mgongo wa kiti unafika juu ya mabega ya mtoto, kwa sababu atalala, na akilala kichwa kitatafuta pa kuegemea.

Halafu miguu. Jeraha baya linalowapata watoto wanaobebwa kwenye keria ni kisigino kuingia kwenye spoku. Kama kiti hakina kinga ya miguu, itengeneze mwenyewe. Chukua dumu la mafuta la lita 20, lioshe, kata pande zake mbili kubwa. Choma matundu pembezoni kwa msumari wa moto. Kila upande ulaze kati ya gurudumu na mguu wa mtoto, uufunge kwenye fremu na kwenye keria kwa vipande vya tyubu ya zamani, vimekazwa mpaka plastiki isitikisike. Zungusha gurudumu kwa mkono usikilize. Likigusa popote, kata tena. Kwangu kazi hii ilichukua mchana mmoja, na binti yangu alichora samaki upande wa kulia kwa kalamu ya wino mzito.

Baiskeli yenyewe

Breki kwanza. Zile za vyuma kwenye baiskeli za zamani zinashika vizuri ukiwa peke yako kwenye tambarare, lakini mtoto wa kilo 16, kiti cha kilo 4 na mteremko vikikutana na mvua, hazitoshi. Tumia baiskeli yenye breki za waya, na badilisha raba zake kabla ya safari hata kama fundi anasema bado zipo.

Stendi iwe ya miguu miwili. Ile ya mguu mmoja haifai, kwani baiskeli yenye mtoto juu inaweza kuanguka kwa upepo wa lori tu. Na hata ukiwa na stendi nzuri, usimwache mtoto kitini ukaenda dukani. Yeye apande mwisho na ashuke wa kwanza.

Keria ikiwa imechukuliwa na mtoto, mizigo inaenda kwa mtu mwingine. Kwetu baba yake anabeba hema, nguo na vyombo. Mimi nabeba mtoto na kikapu kidogo cha mbele chenye maji, chakula na kanga mbili. Yeye ananyonga nyuma yangu, akijitokeza kidogo upande wa kulia, ili dereva anayekuja nyuma amwone yeye kwanza na apishe. Kwenye kiti cha mtoto tumefunga fimbo ndefu yenye kitambaa chekundu. Watu hucheka, lakini magari yanatupita kwa mbali zaidi kuliko zamani.

Vifaa: tyubu mbili za akiba, viraka na gundi, pampu, spana za nati zote za kiti. Tyubu mbili kwa sababu ukanda wa Boma Ng'ombe kuelekea chemchemi ya Chemka una migunga, na mwiba wa mgunga haujali bei ya tairi.

Mazoezi: barabara ya TPC

Msianze na safari. Fanyeni Jumamosi tatu au nne za nusu siku, na kwa mtu wa Moshi hakuna pa kujifunzia pazuri kama barabara ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC. Inashuka taratibu kuelekea kusini, kuna miwa pande zote, mitaro ya maji na ndege weupe. Ondokeni saa 12 na nusu asubuhi, mrudi kabla ya saa 4. Kurudi ni mwinuko usioonekana kwa macho, ila magoti yanaujua.

Jumamosi ya kwanza nendeni nusu saa tu, mshuke, mle, mrudi. Ya pili, saa moja. Shikeni saa muone mtoto anaanza kujinyonganyonga kitini baada ya muda gani. Wangu alikuwa dakika 40. Hiyo dakika 40 ndiyo ikawa kipimo cha safari yetu nzima: tunasimama ikifika dakika ya 35, kabla hajaomba. Mkisimama baada ya kilio, atajifunza kwamba kilio ndicho kinachosimamisha baiskeli, na kuanzia hapo mmekwisha.

Njia: anzeni juu

Moshi iko kwenye mita 800 na kitu hivi juu ya usawa wa bahari, Arusha karibu 1,400. Anayetoka Moshi kwenda Arusha anapanda safari nzima. Ya nini kujitesa hivyo? Pakieni baiskeli kwenye Coaster, toeni magurudumu ya mbele, mpande hadi Tengeru, kisha mnyonge kurudi nyumbani. Mnashukia Tengeru ili kukwepa msongamano wa jiji. Kama ni Jumatano au Jumamosi mtakuta soko, na mtoto wa mjini akiona soko la Tengeru hahitaji burudani nyingine siku hiyo.

Mgawanyo wetu uko hivi. Siku ya kusafirisha baiskeli tunalala karibu na Ziwa Duluti na kutembea kwa miguu msituni kandokando ya ziwa. Siku ya kwanza ya kunyonga tunapita Usa River na Maji ya Chai hadi Kikatiti. Ya pili tunapita njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hadi Boma Ng'ombe. Ya tatu tunateremka barabara ya vumbi kwenda Chemka, tunaogelea, tunarudi Boma. Ya nne, Boma hadi Moshi. Hakuna siku inayofika kilomita 35. Wenye haraka watacheka. Kuna familia ya Kimarekani iliyoondoka Alaska mwaka 2008 na watoto pacha wa miaka 10, wakanyonga hadi Ushuaia kule Ajentina na kufika 2011. Walichukua karibu miaka mitatu.

Barabara kuu ndiyo udhaifu wa njia hii, sitaki kuuficha. Mabasi yanakimbia, malori yanakimbia. Tunanyonga alfajiri magari yakiwa machache, tunakaa pembeni ya lami kabisa, na pale pembeni panapokwisha tunashuka kukokota bila kuona aibu. Bonde la mto Kikafu, kati ya Boma Ng'ombe na Moshi, tunateremka na kupanda kwa miguu siku zote. Mteremko ni mkali, una kona, na magari makubwa huja yameshikilia breki.

Miezi: mwishoni mwa Juni na Julai, masika yameisha, jua limetulia. Januari na Februari inawezekana lakini joto la Moshi mnalijua. Machi hadi Mei msijaribu.

Siku yenyewe

Saa 11 na nusu kuamka, saa 12 na nusu kwenye tandiko. Kunyonga mara mbili au tatu za dakika 35, na mapumziko ya nusu saa katikati. Kufika saa 4 au 5 mmeshamaliza sehemu kubwa. Mchana ni kivuli, kula, kulala. Kama kuna kilomita zimebaki, mnamalizia saa 10 jioni, na saa 12 mmeshafika. Giza likiingia, baiskeli yenye mtoto haipo barabarani. Hili halina mjadala.

Mapumziko yawe mahali penye kitu: mto wa kutupia mawe, fundi anayechomelea, mbuzi, mti wa kukwea. Kituo cha mafuta hakifai. Mtoto akishuka, mwacheni akimbie, nanyi msikae mnatazama simu. Nusu saa ya kukimbia inanunua dakika 35 za kukaa. Nimeona mara nyingi mno kubisha.

Kazi za mtoto

Hapa ndipo safari inapopona au kufa. Tulimpa binti yangu kazi tatu, na kila moja ni kazi ya kweli, si ya kumdanganyia.

Ya kwanza, kengele. Tulifunga kengele ya pili kwenye mkono wa kiti chake. Yeye ndiye anayepiga tukipita watu na mbuzi. Mimi yangu siigusi. Kuna wakati anapiga bila sababu mwendo mzima, mvumilie.

Ya pili, mlima. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana zaidi asubuhi na jioni, mchana hujifunika. Kazi yake ni kutangaza mlima ukifunguka. Siku moja kabla ya njia panda ya KIA nilihisi anagonga mgongo wangu kwa ngumi ndogo, "Mama simama, simama!" Nikadhani mguu umeingia mahali. Kumbe wingu limepasuka kidogo, theluji inaonekana kwa tundu kama la shuka. Tulisimama pale mpaka likafunga tena. Kwenye ratiba hatukuandika hiyo dakika kumi, lakini hadi leo ndiyo anayosimulia.

Ya tatu, salamu. Kila mzee tunayempita karibu anapewa "shikamoo" kwa sauti. Marahaba huja na mengine nyuma yake: ndizi, parachichi, kiti cha kukaa, na swali la "Mnampeleka wapi huyo mtoto?" Mwacheni ajibu mwenyewe. Mwanzoni wangu alikuwa mwenye haya. Siku ya tatu alikuwa anaeleza njia nzima, pamoja na sehemu ambazo hatukupita.

Kati ya kazi kuna vitendawili. Mtegaji anayenyonga hana pumzi ya hadithi ndefu, na kitendawili ni kifupi. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Ameshajua ni yai, na bado anataka kiulizwe. Akianza kutega vya kwake havitakuwa na jibu, au jibu litakuwa punda kila mara. Kubali kushindwa, mpe mji. Huwa nampa Same, ananirudishia akiona Same ni mbali.

Akisinzia, usifurahi kupita kiasi ukaongeza mwendo. Helmeti yenye kisogo kinene husukuma kichwa mbele akilala; tafuta yenye kisogo bapa, na kunja kanga iwe mto pembeni ya shingo. Kichwa kikiendelea kuning'inia, simama chini ya mti umlaze.

Kula na kunywa

Mtoto asiyenyonga hasikii njaa kama yako, lakini anapokuwa na njaa hasubiri. Weka chakula mfukoni mwako wa nyuma: ndizi mbivu, karanga, maandazi, yai lililochemshwa. Chakula cha moto kimoja kwa siku, cha kukaa chini: mtori asubuhi ukipatikana, au wali maharage kwa mama lishe. Kitu kipya kisichozoeleka tumboni msikijaribu katikati ya safari. Chukua pakiti za ORS, zile chumvi za kuchanganya na maji mtu akiharisha. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vimepimwa vya kusawazisha. Mtoto akiharisha na kuwa mlegevu, au akishindwa kunywa, safari imeisha, nendeni kituo cha afya.

Maji yanahitaji maelezo zaidi kwenye njia hii. Maji mengi ya miteremko ya Meru, kuanzia Usa River hadi Maji ya Chai, yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima na mito mingi ya huko hupita hapo mara kadhaa. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, inayobaki inazidi kukolea. Siku mbili za kunywa hazitamgeuza mtoto meno rangi, lakini sisi hubeba maji ya kutosha au kununua ya chupa. Na mwandae mtoto mapema, kwa sababu atauliza kwa sauti, mbele ya watu, kwa nini yule kaka ana meno ya kahawia. Mweleze nyumbani: ni maji aliyokunywa akiwa mdogo, si uchafu. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambako floraidi huchujwa kwa mifupa iliyochomwa, na jambo hilo la mifupa lilimfurahisha binti yangu kuliko ziwa.

Baridi, jua, mbu

Asubuhi moja ya Julai tuliondoka Tengeru kwenye ukungu. Mimi natoka jasho, nimevua sweta. Baada ya dakika 20 nikasikia kimya kisicho cha kawaida nyuma. Nikasimama, nikashika mikono yake: baridi kama chupa ya soda. Mimi nilikuwa injini, yeye abiria anayepigwa upepo. Tangu hapo yeye huvaa nguo moja zaidi ya mimi, soksi na glovu hata nikiona ni upuuzi, na kila tukisimama namshika shingo chini ya kola. Mikono inaweza kukudanganya, shingo haidanganyi.

Saa 4 mambo yanageuka: shati jepesi la mikono mirefu, kofia laini chini ya helmeti kama inaingia, kanga ya kufunikia mapaja. Barabara ya Chemka ina vumbi, kwa hiyo mtandio mwepesi mdomoni. Jioni chandarua, hata gesti wakisema hapa hakuna mbu. Chukueni chenu.

Kulala, na Chemka

Gesti ndogo zipo Usa River, Kikatiti na Boma. Ulizeni kama baiskeli zinaingia ndani kabla ya kulipa. Hema tunalifunga usiku mmoja tu, kwa raha ya mtoto, na hatulifungi bila kumwona mwenyekiti wa kitongoji. Salamu hiyo imetupatia mara moja uwanja wa kanisa na mlinzi.

Chemka msiifanye kituo cha kupita. Maji ni ya vuguvugu, safi hadi chini, na kwa sababu ni safi yanadanganya kina. Mtoto aingie akiwa ameshikwa na mtu mzima. Tyubu ya gari si mlinzi. Fikeni kabla ya saa 4 asubuhi, kabla magari ya wageni hayajaja, na msipange kitu kingine siku hiyo. Kiti kinapata joto kikisubiri juani, kifunikeni kanga mkienda kuogelea, la sivyo atapanda akiwa na mapaja yaliyolowa na kuruka kama maandazi kwenye mafuta.

Mkikata safari

Uzuri wa njia hii ni kwamba mahali popote mnaweza kusimamisha Coaster. Tulishaamua kabla ya kuondoka: homa, mvua kubwa, pancha ya tatu kwa siku moja, au mtoto kukataa kiti baada ya mapumziko mawili mfululizo, tunapanda gari. Kuamua mapema kunawaepusha wazazi kugombana pembeni ya barabara, jambo ambalo mtoto hulikumbuka kuliko mlima.

Mkifika nyumbani, kazeni upya nati zote za kiti, maana vumbi na mtikisiko huzilegeza, na osheni mikanda. Mpimeni mtoto. Wetu sasa ana kilo 21, kiti kina msimu mmoja tu. Jumamosi hizi ananyonga baiskeli yake ndogo kwenye barabara ya TPC mimi nikiwa nyuma yake upande wa lami. Tunafika kwenye mfereji wa pili, kilomita nne hivi, na ndiye anayeamua tunasimama wapi. Kengele ameihamishia kwake.